Baridi ya Kabale na banda la kuku: balbu, sigiri au gesi?

Mfugaji Mpya, Kabale
Wafugaji wenzangu, nawasalimu. Tangu Juni ilipoingia, ukungu hauondoki bondeni kabla ya saa nne asubuhi, na usiku baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10. Nina banda nyuma ya nyumba, na Jumamosi nitakwenda mjini kununua kitu cha kulipasha joto. Nimetajiwa balbu nyekundu ya wati 250, sigiri ya makaa na jiko la gesi la kuning'iniza. Ni kipi kinachofaa zaidi?

Mama Matetea, Mbarara
Ndugu yangu, umetaja baridi na umetaja safari ya mjini, lakini kuku wenyewe hukuwataja. Ni wangapi, wana umri gani, na banda limejengwa kwa vifaa gani? Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha joto hupunguzwa kwa nyuzi tatu hivi kila wiki hadi manyoya yakamilike. Kuku mzima, ambaye mwili wake una nyuzi 41 na manyoya yake ndiyo blanketi lake, hahitaji moto wowote hapa Uganda, hata huko kwenu. Ukimwashia makaa utakuwa unamtajirisha muuza makaa tu.

Fundi wa Mbale
Mimi natetea balbu. Watu hulalamika kwamba inakula Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, lakini tupige hesabu: wati 250 kwa saa kumi za usiku ni uniti mbili na nusu, na balbu moja hutosha vifaranga mia hivi. Ifungwe kwa mnyororo badala ya kuning'inia kwa waya wake wa umeme, na ikae sentimita 45 hadi 60 juu ya matandazo. Vifaranga wenyewe watakueleza kama umekosea: wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia pembezoni huku wametanua mabawa wamezidiwa na joto.

Mwalimu Mstaafu, Fort Portal
Nimelea vifaranga kwa sigiri miaka mingi, wala siwezi kuikataa, maana umeme wetu hukatika bila kuaga. Lakini naomba nisimulie jambo. Mwaka juzi nilikuwa na vifaranga 120 wa wiki mbili katika chumba cha tofali. Usiku mmoja upepo ulikuwa mkali, nikateremsha maturubai madirishani, nikaziba kwa magunia hata ule mwanya ulio juu ya ukuta, nikaingiza sigiri mbili na kwenda kulala nikijipongeza.

Saa kumi na moja alfajiri nilifungua mlango, na hapakuwa na sauti hata moja. Hawakuwa wamerundikana kama vifaranga waliouawa na baridi; walikuwa wamelala huku na huku, wengine mbele ya chombo cha maji, kama waliosinzia. Nikaanza kuwaokota nikihesabu, na nilipofika arobaini na kitu kichwa kilianza kuniuma na magoti yakalegea, nikatoka nje nikaketi chini. Mke wangu ndiye aliyeyang'oa maturubai. Walisalia 31, wote wa karibu na mlango. Nilimshuku jirani kwa sumu, kisha nikailaumu chanjo, hadi daktari wa mifugo aliponiuliza hewa ilikuwa ikitokea wapi. Nilimjibu kwamba makaa yangu yalikuwa yameshika vizuri, hayakuwa na moshi. Akasema hapo ndipo nilipodanganyika, kwa kuwa makaa yanayowaka penye hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Siku hizi huyawashia nje hadi yawe mekundu, huyafunika kwa majivu ndani ya chungu, na mwanya wa juu siuzibi hata theluji ya Rwenzori ikishuka hadi kwetu.

Mzee wa Kapchorwa
Pole sana, Mwalimu. Lakini mbona mnamsahau mama kuku? Tetea anayeatamia akiwekewa vifaranga wachanga gizani huamka nao akidhani ni wake, na mmoja hufunika kumi hadi kumi na watano bila makaa wala Yaka.

Fundi wa Mbale
Kwa heshima, mzee wangu, vifaranga mia wangehitaji mama wanane wanaoatamia katika wiki ileile. Utawatoa wapi?

Mzee wa Kapchorwa
Nani amekuambia ni mia, mwanangu? Mwenye swali bado hajajibu.

Mfugaji Mpya, Kabale
Samahani kwa kuchelewa. Nina kuku 14 wa mayai na vifaranga 60 wa Kuroiler, aina ya kuku chotara, wenye siku 11, ambao nimewatenga kwa wavu katika kona ya banda hilohilo. Kuta ni za mabanzi, sakafu ni udongo, na umeme uko nyumbani, mita 20 kutoka bandani. Matandazo ni makapi ya kahawa, ambayo wiki hii yamepata unyevu kidogo.

Mama Matetea, Mbarara
Huo "unyevu kidogo" ulipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza! Kuku wakubwa hubeba vimelea vya kuhara damu bila kuonekana wagonjwa, na matandazo mabichi ndiyo huvikomaza, kwa hiyo wahamishe vifaranga kwanza. Chuchumaa hadi usawa wao. Macho yakikuwasha, hiyo ni amonia. Tupa hayo makapi, yataota kuvu, utumie maranda.

Mkulima wa Masaka
Makapi yanasingiziwa. Sisi huku kahawa tunayo, maranda hatuna, na kuku wetu wanakua. Yaanikwe juani kabla ya kutandazwa na yageuzwe kila siku.

Mama Matetea, Mbarara
Jua la Masaka, bwana. Mwenzetu ameandika kwamba ukungu hukaa hadi saa nne.

Mfugaji Mpya, Kabale
Sasa ninunue balbu au nisinunue? Na gesi hakuna aliyeizungumzia.

Fundi wa Mbale
Gesi waachie wenye vifaranga mia tano. Nunua balbu na waya mnene wa nje wa mita 25, usiunganishe vipande.

Mwalimu Mstaafu, Fort Portal
Nunua na chungu pia, kwa usiku ambao umeme hautakuwepo. Ila hujatuambia jambo moja: hayo mabanzi yana nafasi upande gani, na upepo wa usiku huvuma kutoka wapi?