Mtoto wa miaka 9 kuzamia na mtungi, ni mapema?

MamaNjiro: Jamani wazazi wenzangu, Desemba tunashuka Zanzibar na wangu wa miaka 9 kang'ang'ania anataka kuzamia na mtungi wa hewa, kuogelea anajua, ukimpeleka kwenye chemchemi za Chemka hatoki kwenye maji, ila mimi roho inadunda. Nimruhusu?

Mzamiaji_Moshi: Dada, PADI, lile shirika la mafunzo ya kuzamia, cheti cha watoto kinaanzia miaka 10. Wa 8 na 9 wanaonjeshwa tu, mwisho mita 2, tena na mwalimu pembeni. Ila umri sio ishu sana, cheki kama anasikia maelekezo. Wangu alikuwa na 11, samaki kabisa, lakini maji yalipoingia kwenye miwani akataka kuchomoka juu huku kabana pumzi, na hiyo ndo hatari yenyewe, mapafu yanaweza kupasuka. Tukarudi pool wiki nzima, anajaza miwani maji anayapuliza na pua, mpaka akazoea.

Baba_J: Mafua je? Masikio yakiziba asizamie hata mita moja. Kama ana pumu aonwe na daktari kwanza.

Mzamiaji_Moshi: Kweli kabisa. Na ndege ya kurudi Arusha iwe kesho yake, acheni angalau masaa 18 baada ya kuzamia.

MamaNjiro: Haya, mwaka huu snorkeli tu, aelee juu na mrija wake, anune asinune 😅