Manowari Goeben ilitengenezwaje bila chelezo?

Mwalimu, Mafinga: Ndugu zangu, mwanafunzi wangu ameniuliza swali lililonikwamisha. Manowari ya Kijerumani Goeben, yenye uzito wa takriban tani 23,000, iliyokabidhiwa kwa Waturuki Agosti 1914 na kuitwa Yavuz Sultan Selim, iligonga mabomu mawili ya kutegwa karibu na mlango wa Bosporus, mlango-bahari wa Istanbul, tarehe 26 Desemba 1914, na Istanbul hapakuwa na chelezo, yaani gati la kukaushia meli ili itengenezwe, cha kuipokea meli ya ukubwa huo. Ilirudije vitani?

Fundi, Kyela: Mwalimu, ilitengenezwa ikiwa majini. Mafundi waliunda masanduku makubwa yaliyo wazi upande mmoja, wakayabana ubavuni mwa meli yakafunika tundu, wakavuta maji kwa pampu, kisha wakaingia kufanya kazi pakavu huku bahari imewazunguka. Niliwahi kuziba boti pale Itungi kwa njia iliyo ndugu na hiyo, kwa mbao na turubai tulilolipaka grisi kingoni. Tundu lenyewe halikuzidi sahani ya ugali, lakini tulishinda nalo kutwa nzima, kwa sababu maji hayaachi mwanya hata mmoja. Kwa hiyo nawaheshimu sana mafundi wale.

Mstaafu, Iringa: Fundi amesema kweli, nami naongeza kwamba shida ya chelezo iliiandama meli hii hata baada ya vita. Tarehe 20 Januari 1918, katika mapigano ya kisiwa cha Imbros, iligonga mabomu matatu ya kutegwa, na manowari mwenzake Midilli ikazama. Matengenezo makubwa yalisubiri hadi Jamhuri ya Uturuki iliponunua Ujerumani chelezo kinachoelea na kukiweka Gölcük, kituo chake cha wanamaji, nacho sehemu zake zikabomoka meli ilipoingizwa, ikabidi kianze kutengenezwa chelezo chenyewe. Kampuni ya Kifaransa iliitengeneza meli kati ya 1927 na 1930, ikafunga boila mpya, yaani matangi ya kuchemshia maji yatoe mvuke wa kuendeshea mitambo, na katika majaribio meli ikapita maili 27 za baharini kwa saa. Kwangu mimi, chelezo kile kiliifaa Uturuki kuliko mzinga wowote, kwani ndicho kilichoiwezesha Yavuz kuubeba mwili wa Atatürk, rais wa kwanza wa Uturuki, mwaka 1938 na kubaki jeshini hadi 1950.

Mwalimu, Mafinga: Nashukuru, Mzee. Boila za awali zilikuwa na kasoro gani?

Fundi, Kyela: Mirija yake ilikuwa ikivuja, Mwalimu. Julai 1914 meli ilikuwa Pola, bandari ya Austria-Hungaria, ikibadilishiwa mirija hiyo, na siku chache baadaye vita vikaanza.