Salio linakatwa na huduma ya meseji ambayo sikujiunga nayo: nifanye nini?

Swali: mwenye_laini

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba msaada kutoka kwa yeyote anayeelewa namna huduma za meseji za kulipia zinavyofanya kazi. Kwa muda sasa salio la laini yangu limekuwa likipungua hata siku ambazo sijapiga simu wala kutumia intaneti, na nilipochunguza nikaona kwamba kila linapokatwa, huingia meseji kutoka namba fupi ileile, yenye dondoo za michezo na kiungo cha kupakua video. Sijawahi kutuma neno lolote kwenda namba hiyo, na jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba sijawahi kuandika namba yangu ya simu katika tovuti yoyote ya aina hiyo.

Nimeizuia namba hiyo kwenye simu, na kweli meseji hazionekani tena, lakini makato yanaendelea. Huduma kwa wateja wamenijibu kwamba mfumo unaonyesha nilijiunga mwenyewe na kwamba malalamiko niyapeleke kwa kampuni inayotoa huduma, ambayo siijui hata jina. Rafiki mmoja ananishauri nijibu kwa neno STOP, mwingine ananionya kwamba kujibu ndiko kunakoongeza makato. Ninaomba kufahamu walipataje idhini yangu, nitajitoaje moja kwa moja, na kama fedha zilizokwisha kukatwa zinaweza kurudishwa.

Jibu: mpita_njia

Usijibu meseji yoyote. Acha laini bila salio kwa wiki kadhaa. Mfumo ukikosa cha kukata utakuondoa wenyewe.

Jibu: fundi_wa_mitandao

Kwa heshima zote, ushauri huo hapo juu una hasara yake. Mifumo mingi ya malipo haikati tamaa inapokuta salio halitoshi: hurudia kujaribu, na mingine huchukua sehemu ndogo ya ada pindi mteja anapoweka vocha, kisha humalizia iliyobaki baadaye. Ndiyo maana watu wengine hulalamika kwamba salio limeliwa dakika ileile walipoliweka.

Sasa nije kwa ndugu muulizaji, na nianze na lile linalokushangaza, kwa sababu ndilo linalofafanua mengine. Unapotumia intaneti ya laini badala ya wi-fi, mtandao wa simu unajua data hiyo ni ya laini ipi, kwa kuwa wenyewe ndio unaoihesabu na kuitoza. Ukifungua ukurasa wa kampuni yenye mkataba wa malipo na mtandao huo, namba yako, au utambulisho wa siri unaoiwakilisha, unaweza kuambatanishwa na ombi la kufungua ukurasa pasipo wewe kuona chochote. Ukurasa wa namna hiyo hauna haja ya kukuuliza namba. Mguso mmoja kwenye kitufe kilichoandikwa "Endelea" au "Cheza" unatosha kuhesabiwa kuwa ni idhini, na pale ambapo kanuni ni kali zaidi utatakiwa kuthibitisha mara ya pili. Ukiwa kwenye wi-fi njia hiyo haipo, na ndipo ukurasa uleule unapolazimika kukuomba namba, kisha tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwa meseji.

Matapeli huitumia njia hiyo kwa namna mbalimbali. Wapo wanaotandaza ukurasa wa usajili usioonekana juu ya kitufe cha kawaida, kwa mfano ile alama ya kufunga tangazo, ili unapodhani unafunga tangazo uwe umekubali usajili. Kwa hiyo inawezekana kabisa ukawa unasema kweli kwamba hukujiunga, na mhudumu naye akawa anasema kweli kwamba mfumo wake unaonyesha umejiunga.

Kuhusu kuizuia namba: makato hufanyika kwenye mitambo ya mtandao, si kwenye simu yako, hivyo ulichofanya ni kumfungia mlango mleta risiti wakati fedha zimekwisha kuchukuliwa. Ningependa uifungulie namba hiyo kwa sasa, kwa kuwa meseji zake ni ushahidi na mara nyingi zina jina la huduma na maelekezo ya kujitoa. Kubadilisha simu huku laini ikiwa ileile hakutasaidia, wala kuifuta programu pekee hakutasaidia, kwa sababu usajili umefungwa kwenye namba.

Jibu: zamani_huduma_kwa_wateja

Nimewahi kukaa upande wa pili wa simu, kwa hiyo nitaeleza kile ambacho mhudumu anakiona na ambacho mteja aghalabu haulizi.

Nyuma ya meseji ya kulipia kwa kawaida kuna pande tatu: mtandao wako wa simu, unaokata fedha; kampuni ya kati, inayounganisha mitambo ya mtandao na watoa huduma wengi kwa pamoja; na mtoa maudhui mwenyewe, anayetuma hizo dondoo za michezo. Fedha hugawanywa baina yao. Mhudumu anapokwambia umtafute mtoa maudhui, anakupeleka kwa mtu ambaye huna mkataba naye, ilhali aliyekukata fedha na kubaki na fungu lake ni mtandao wako. Mvumilie mhudumu, kwani huenda ndivyo alivyoelekezwa kujibu, lakini usikubali simu iishie hapo.

Swali la kumuuliza si "nani amenisajili?" bali "usajili huu ulifanyika tarehe gani, saa ngapi, na kwa njia ipi?" Njia hiyo ndiyo yenye habari. Ikiwa ni meseji, maana yake kuna ujumbe uliotoka kwenye laini yako, ama kwa mkono wa mtu aliyeishika simu ama kwa programu iliyotuma bila kukuuliza. Ikiwa ni menyu ya nyota na reli, kuna aliyeipiga, na watoto wanaochezea simu hawakosekani katika visa hivi. Ikiwa ni intaneti, rejea maelezo ya fundi hapo juu. Na ikiwa tarehe inatangulia siku uliyonunua laini, basi umerithi usajili wa mtu aliyewahi kuitumia namba hiyo, kwa sababu namba zilizoachwa hurudishwa sokoni na si kila mfumo unaosafisha usajili wa zamani. Kwa hali hiyo hata hoja ya kwamba ulikubali mwenyewe haina pa kusimama.

Kuhusu STOP, marafiki zako wote wawili wana sehemu ya ukweli. Namba fupi iliyomo kwenye orodha yako ya makato tayari inakufahamu na tayari inakukata, hivyo kuijibu hakuipi kitu kipya. Tuma neno linaloelekezwa kwenye meseji zao, peke yake, bila salamu wala matusi, kwa sababu anayesoma ni mashine. Namba fupi moja inaweza kubeba huduma kadhaa, na hapo huenda ukatakiwa kuongeza jina la huduma au kutumia neno linalozisimamisha zote. Hifadhi jibu la uthibitisho. Ujumbe usio na uhusiano na makato yoyote, uliotoka kwenye namba ya kawaida usiyoijua, ndio usiojibiwa kamwe, kwa maana jibu lako humhakikishia mtumaji kwamba laini hiyo ina mtu.

Hata hivyo STOP huondoa huduma moja tu. Muombe mhudumu akufungie laini isipokee huduma yoyote ya meseji za kulipia, na pia izuiwe kulipia bidhaa za intaneti kupitia salio, ambayo katika mitandao mingi ni swichi tofauti. Kabla hajaifunga, muulize kama kizuizi hicho kitagusa meseji za benki au za kuthibitisha akaunti. Kwa kawaida hakigusi, lakini ni afadhali kuuliza.

mwenye_laini

Ninawashukuru sana. Nimepiga tena na kuuliza kama nilivyoelekezwa. Wamenisomea kwamba usajili ulifanyika kwa njia ya intaneti, saa tisa usiku, muda ambao nilikuwa nimelala na simu ikiwa kwenye chaji. Wameniondoa kwenye huduma hiyo. Ninatumia simu ya Android. Je, kuna jambo jingine la kufanya?

Jibu: fundi_wa_mitandao

Lipo, na ni la haraka. Kwanza tahadhari: saa iliyo kwenye rekodi inaweza kuwa imeandikwa kwa majira ya nchi nyingine mitambo ilipo, kwa hiyo muulize mhudumu kama saa hiyo ni ya hapo ulipo. Ikiwa ndiyo, ninaishuku programu iliyomo ndani ya simu yako kuliko tangazo ulilogusa.

Zipo programu hasidi zilizotengenezwa hasa kwa kazi ya kuwasajili watu kwa siri. Zamani zilikuwa zikituma meseji kwa siri kwenda namba fupi. Android, kuanzia toleo la 4.2 la mwaka 2012, ikaanza kumuuliza mtumiaji kwanza programu inapotaka kutuma meseji kwenda namba inayoweza kutozwa ada, na baadaye Google ikabana masharti ya ruhusa ya meseji kwa programu za Play Store. Watengenezaji wakahamia kwenye kurasa za intaneti. Kundi maarufu la programu za namna hiyo huitwa Joker, na Januari 2020 Google ilieleza kwamba tangu 2017 ilikuwa imebaini na kuondoa kwenye Play Store programu zake zipatazo 1,700. Hujificha ndani ya vitu vya kawaida kama programu za kuhariri picha, za mapambo ya skrini au za kusoma nyaraka. Mwaka 2022 Microsoft ilichapisha maelezo ya hatua za programu hasidi za aina hii: programu huzima wi-fi au husubiri simu ihamie kwenye data ya laini, hufungua ukurasa wa usajili kwa siri, hubonyeza kitufe yenyewe, hunasa tarakimu za uthibitisho zinapoingia, kisha huficha meseji au arifa ambazo zingekushtua.

Kwa hiyo fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye programu, kisha kwenye ruhusa maalumu, na usome orodha mbili kwa makini: programu zinazoruhusiwa kusoma arifa zako, na zile zinazoruhusiwa kutumia meseji za kulipia. Majina na mpangilio hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Tazama pia ni programu zipi zina ruhusa ya kusoma meseji za kawaida. Programu ya tochi au ya kupamba picha haina sababu yoyote ya kusoma arifa. Ukiikuta humo, iondoe bila majadiliano, na endesha ukaguzi wa Play Protect, kikaguzi cha programu hasidi kilichomo ndani ya Play Store. Ikiwa programu ilipakuliwa kutoka nje ya duka rasmi, anza nayo hiyo. Mpaka utakapomaliza usafi huo, zima data ya laini kila usiku, kwa sababu programu ikibaki inaweza kukusajili upya kesho kwa huduma nyingine. Wenye iPhone wana unafuu hapa, kwa kuwa programu haiwezi kutuma meseji bila mtumiaji mwenyewe kubonyeza, ingawa tangazo la hila kwenye ukurasa wa intaneti linawapata na wao.

Jibu: mdai_haki

Naona suala la fedha halijaguswa, nami nitajikita hapo.

Hoja ya kwamba mtandao ni mpitishaji tu wa fedha imewahi kukataliwa na wadhibiti wakubwa. Nchini Marekani, Julai 2014, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki kampuni ya simu ya T-Mobile kwa kutoza wateja huduma za meseji ambazo hawakuziidhinisha, ikidai kwamba kampuni hiyo ilibaki na kati ya asilimia 35 na 40 ya makato hayo. Desemba mwaka huohuo shauri likamalizwa kwa makubaliano ya kulipa dola milioni 90 au zaidi. AT&T, mtandao mwingine wa simu wa huko, ilikuwa imetangulia mwezi Oktoba kwa makubaliano ya dola milioni 105. Mitandao mikubwa ya nchi hiyo ilikuwa imeshatangaza mwishoni mwa 2013 kwamba inaachana na sehemu kubwa ya meseji za kulipia. Sheria za kwako zinaweza kuwa tofauti, lakini kiini cha hoja yako ni hiki: anayekata ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba aliruhusiwa.

Kwa hiyo usiombe kurudishiwa kama mtu aombaye hisani. Andika, usipige simu, kwa sababu simu haiachi kitu mkononi mwako. Barua pepe fupi inatosha, kwa mfano: "Laini yangu imekatwa salio kwa ajili ya huduma iliyotajwa hapa chini, kati ya tarehe hizi na hizi. Sikuiidhinisha huduma hiyo. Ninaomba kumbukumbu kamili ya idhini mnayoitegemea, ikiwa ni pamoja na tarehe, saa, njia ya usajili, anwani ya ukurasa uliotumika na namna uthibitisho ulivyopatikana. Ikiwa kumbukumbu hiyo haipo, ninaomba kurudishiwa makato yote tangu siku ya kwanza. Ninaomba pia namba ya kumbukumbu ya lalamiko hili." Ambatanisha orodha ya makato na picha za zile meseji. Ombi la anwani ya ukurasa ndilo lenye makali, kwa maana rekodi iliyotengenezwa na programu hasidi au na tangazo lililofichwa huenda isiambatane na ukurasa wowote wenye bei na masharti yanayosomeka.

Wakikaa kimya au wakirudia jibu la "ulijiunga mwenyewe" bila kuonyesha kumbukumbu, peleka mawasiliano hayo yote kwa mdhibiti, ambaye kwa kawaida hutaka kuona kwanza kwamba ulianza na mtandao wako. Na wakikupa bando la zawadi au salio la kukutuliza, waulize kwa maandishi, kabla hujalitumia, kama kulipokea kunahesabiwa kuwa umefunga lalamiko.