Hisa za kampuni ya mikopo kwa nusu bei: ninunue?

MwanaKonde
Assalamu alaikum. Mie nasomesha skuli huku Konde, nina milioni 2 za karafuu za msimu uliopita. Kuna kampuni inakopesha watumishi na wachuuzi, hisa zake soko la Dar zinauzwa nusu ya thamani ya vitabuni (mali yake ukitoa madeni). Faida inatangaza, gawio inatoa. Ni bahati au mtego? Naogopa hiyo mikopo yenyewe.

BiMstaafu_Chake
Waalaikumu salaam mwanangu. Nimekaa miaka 19 kwenye mikopo, naijua harufu yake.

Tuseme imekopesha bilioni 100: mtaji wa wenye hisa 20, zile 80 nayo imekopa. Ikipotea 10 tu katika kila 100, nusu ya mtaji imekwenda. Basi hiyo nusu bei si zawadi, soko limeshakisia hasara hiyo. Wewe jiulize kama wamekisia kupita kiasi au bado.

Gunia la karafuu unatia mkono mpaka chini ukajua kama juu kavu na chini mbichi. La mikopo hutii mkono. Sie ofisini (siitaji), ikikaribia Disemba tuliambiwa mteja aliyekwama apewe mkopo mpya alipie wa zamani. Daftarini anaonekana mzima! Mzee mmoja wa Mtambwe alivushwa hivyo mara tatu, mwaka ambao mikarafuu haikuzaa. Deni la milioni 1 likakaribia 2, naye hajarudisha hata shilingi. Riba yote ile tuliiandika faida.

Kwa hiyo faida ipite. Fungua mtiririko wa fedha, tazama riba iliyoingia taslimu. Kisha maelezo ya mikopo: kwa IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya mahesabu iliyoanza 2018, imegawanywa madaraja matatu. Kila mtu hukodolea la tatu, la waliopitisha siku 90 hawajalipa. Wewe tazama la pili, waliopitisha 30, wagonjwa wamelala hapo. Na ikiwa inakopesha mbio mbio, asilimia ndogo ya mikopo chechefu (isiyolipwa) isikufurahishe. Mikopo mipya haijapata muda wa kuoza.

Mkoani77
Na riba yenyewe je, Bi mkubwa? Mie ningemwambia asiguse kabisa.

BiMstaafu_Chake
Hilo kamuulizeni shehe. Mie nimejibu ya hesabu.

MwanaKonde
Nimetazama. Riba iliyoandikwa bilioni 9, iliyoingia taslimu 5.

BiMstaafu_Chake
Na 4 zipo wapi?

MwanaKonde
Wameandika "riba inayodaiwa".

BiMstaafu_Chake
Haya, ngoja taarifa ya mwakani uone kama imelipwa. Ukishindwa kujizuia tia laki 3, si milioni 2. Mie nilitia kidogo kwenye nyingine, wateja wake wote hukatwa mshaharani. Hao angalau hulipa kabla pesa hawajaziona.