Kila mtu anasema dizaini iko poa, nitajuaje ukweli?

fundi_wa_ksm
Niaje wadau. Nimechorea mama mmoja ukurasa wa mtandaoni wa kuuza samaki, mbuta, ngege na omena, yeye hununua ufuoni Dunga asubuhi halafu bodaboda anapelekea wateja huku mjini Kisumu. Juu kabisa nimeweka picha kubwa ya ziwa jua likizama, mashua inapita, chini yake jina la biashara na kitufe cha kuagiza. Nimeonyesha watu kama kumi, marafiki na majirani, nikawauliza "unaionaje?", wote wananiambia iko poa sana, na hapo ndio nakosa amani maana hakuna hata mmoja amenipa kitu ya kurekebisha na huyu mama amenilipa na pesa ya chama. Nyinyi huwa mnapima aje vile mtu anaichukulia akiiona mara ya kwanza?

nax_michoro
Shida ni hilo swali. Jirani yako ukimuuliza anaionaje na umesimama hapo mbele yake atakujibu kwa heshima, hawezi kukuvunja moyo. Tafuta mtu hajawahi kuiona, usimwambie ni ya nini, mpe aangalie sekunde 5 halafu ufiche. Sasa uliza: umeona nini? hawa wanauza nini? ungewatumia pesa? Andika vile amesema, neno kwa neno, na unyamaze, hata akikosea kabisa usimsaidie, hapo ndio pagumu. Usiogope eti sekunde 5 ni kidogo, Gitte Lindgaard na wenzake kule Kanada walichapisha mwaka wa 2006 kwamba watu walioonyeshwa kurasa kwa milisekunde 50 tu walizipa alama za uzuri zilizokaribiana sana na za wale walioonyeshwa kwa milisekunde 500, yaani nusu sekunde.

dada_wa_kakamega
Naongezea hapo kwa nax. Mimi hubeba vikaratasi vya maneno. Hii ilitoka Microsoft, Joey Benedek na Trish Miner mwaka wa 2002, wao walikuwa na maneno 118, mimi hutumia kama 20 ya Kiswahili: safi, ghali, ya kuaminika, imejaa, inachosha, ya wageni, hivyo hivyo. Mtu anachagua matatu halafu unamuuliza kwa nini, na hiyo kwa nini ndio mali yenyewe. Weka maneno mabaya ya kutosha kaka, ukiweka ya kusifu tu utarudi palepale kwa majirani. Na tafadhali usionyeshe kwa laptop ukiwa kivulini, tumia simu ya kawaida, nje kwa jua, maana huko ndio wateja wa huyu mama wako.

fundi_wa_ksm
Nimerudi. Leo nilienda soko la Kibuye na stage, nikapata watu 8. Sita wamesema ni boti za kupeleka watalii kuona viboko, wawili wamesema ni hoteli, samaki hakuna hata mmoja ametaja! Mama mmoja wa kuuza nyanya alichukua karatasi ya "ghali" hata sijamaliza kuzipanga na kwa ukurasa hakuna bei hata moja. Nikamuuliza kwa nini, akaniambia hapo ni pa watu wa kutembea, si pa mtu anatafuta mboga ya jioni. Nilisimama hapo nikaishiwa na maneno. Halafu kwa jua yale maandishi meupe juu ya ile picha hayasomeki hata ukiinamia simu. Ziwa nimeshalitoa, nimeweka ngege watatu kwa sinia na bei kando. Kesho narudi Kibuye.

nax_michoro
Kazi safi sana hiyo. Tafuta watu wapya, hao wanane washaiona wanajua jibu. Na angalia, umebadilisha picha na bei kwa pamoja, hutajua ni gani imesaidia, kwa hivyo tengeneza mbili, moja sinia na bei, ingine sinia peke yake, kila mtu aone moja tu. Mama wa nyanya akikuita mwambie hii amemaliza, ila mpe simu ajaribu kuagiza ngege wawili na wewe unamwangalia tu, hiyo sekunde 5 haiwezi kukuonyesha.