Naomba ushauri: maji ya jagi au ya chupa kwa wateja wa mgahawa, Mbeya

Ndugu wanakikundi, shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Tunauza chakula cha mchana Mwanjelwa. Wateja wengine hunywa maji ya jagi, wengine hawayagusi kabisa, wananunua ya chupa. Naona si haki mtu wa wali maharage alazimike kununua chupa ndipo awe salama.

Maji ya bomba tunayatuliza usiku kucha, tunayachuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, kisha tunayachemsha mpaka yatokote kwelikweli. Kwa mwinuko wetu wa takriban mita 1,700 yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi, lakini joto hilo linatosha kuua vimelea. Yakipoa yanakaa kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na koki. Koki ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: maji yaliyochemshwa hayana klorini ya kuyalinda, kikombe kimoja kikichovywa kwa mkono mchafu yameharibika tena. Klorini peke yake tulijaribu. Masika maji yakija na tope, dawa inaishia kwenye tope.

Tatizo ni mkaa, unakula faida.

Naomba kuuliza: chujio la kauri, lile la mishumaa (vichujio vya kauri vyenye umbo la mshumaa), linahimili wateja 50 kwa siku, na mishumaa isuguliwe kila baada ya muda gani? Pili, mlio na migahawa Iringa, Njombe au hapa Mbeya, mnafanyaje mteja ayaamini maji ya jagi?