Watoto wa Mzee – Mvumi

*Alhamisi*

Dada Neema 06:12
Mbukwenyi wote. Yule mnunuzi wa Landrova anatoka Arusha, Jumamosi saa nne asubuhi yuko Mvumi. Milioni tatu na nusu kama ilivyo, kuivuta juu yake. Kila mtu aandike ndiyo au hapana leo.

Dada Neema 09:40
Mmesoma watu 14. Kimya.

Yona 09:52
Na kuku je? Kuna mmoja anaatamia kiti cha dereva 😂

Rehema 09:53
😂😂 mlango usifunguliwe, bado siku nne

Dada Neema 10:05
Jamani. Fundi wa Kizota kaikagua. Bodi ni alumini, haijashika kutu, ni kunyoosha na rangi tu. Chesisi ndiyo imeliwa nyuma ya kebini, kidole kinazama. Breki hakuna. Jamaa anaing'ang'ania kwa sababu taa zimekaa katikati kwenye grili, hazijahamia kwenye madigadi. Anasema hizo ni za kabla ya 1970.

Yona 10:07
Kumbe imemzidi Meshaki umri. Na yenyewe imepata mchumba kabla yake

Rehema 10:15
Gia boksi ipo?

Dada Neema 10:16
Muulize huyo huyo Meshaki.

Meshaki 13:20
Tumeanza. Hili si liliisha kwenye arobaini ya Mzee?

Dada Neema 13:21
Liliishaje, na nani?

Meshaki 13:34
Gia boksi ilisomesha mtu. Na yumo humu.

Yona 13:35
Bosi ananiita 🏃

Mama Mdogo 14:02
Atakayekwenda Mvumi aniletee mlenda mkavu. Ule wa mwaka jana ulikuwa na mchanga

Dada Neema 14:10
Sawa Mama Mdogo. Kadi ya gari bado ina jina la Mzee. Bila msimamizi wa mirathi jina halibadiliki. Nataka muhtasari wa kikao cha ukoo niupeleke Mahakama ya Mwanzo. Nani anakuja kusaini?

Baba Mkubwa 18:47
Ni Lazaro, naandika anavyosema Babu. "Neema, nimesomewa yote. Injini iliyomo ni ng'ombe wangu wanne. Baba yako hakunilipa, nami sikumdai, maana usiku ule mama yenu alilala nyuma ya gari hilo, kamba za machela nikafunga mimi. Bado zimo, hamjaziona? Ng'ombe siwadai. Ila kikao hakikaliwi kwenye simu, na mgeni asiguse gari kabla hamjaketi mbele yangu."

Dada Neema 19:30
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimesikia.

Meshaki 19:41
Shikamoo Baba. Nitakuja.

Yona 20:05
Shikamoo Baba Mkubwa. Nikipata tiketi ya treni kesho nipo.

Dada Neema 21:15
Jamaa anaondoka Arusha kesho alfajiri. Nimwambieje?

Dada Neema 21:50
Jamani?

Anjelina 23:08
Samahani nilikuwa zamu, nimeishia kwenye kuku. Mimi ndiyo. Tunauza nini?